Waranti ya Jiko la Kuni Isomwe Kuanzia Mwisho

Leo nataka tuzungumzie karatasi ambayo wengi wetu huitupa pamoja na boksi. Msimu wa baridi unabisha hodi, na hapa Maine, ukiingia katika duka la majiko Portland au Lewiston utayakuta majiko ya kuni yamepangwa safu, mengine ya chuma cha kusubu, mengine ya mabamba ya chuma yaliyochomelewa. Hili limebandikwa waranti ya miaka mitano, lile miaka ishirini, lile la mwisho kule pembeni waranti ya maisha. Mnunuzi anatazama bei, anatazama miaka, kisha anachukua lenye miaka mingi. Hapo ndipo anapoanza kupotea njia.

Nalisema hili kwa uchungu, maana jiko la kuni si kitu cha kununua kwa kubahatisha. Jiko lenyewe, dohani yake na fundi wa kulifunga, vyote kwa pamoja hula maelfu ya dola. Kwa familia iliyotoka Uvira, ikapita kambini Nyarugusu, ikafika hapa ikaanza upya kwa kazi za zamu ya usiku, hiyo ni akiba ya miaka. Na huku joto si anasa. Nyumba nyingi za Maine hupashwa joto kwa mafuta, na bei ya mafuta ikipaa watu hugeukia kuni, kwa kuwa misitu imefunika karibu asilimia 90 ya jimbo zima. Kwa hiyo jiko likiharibika Januari, theluji ikiwa imefika magotini, karatasi ile ndiyo itakayoamua kama utalipa wewe au atalipa aliyelitengeneza.

Jambo la kwanza: jiko moja halina waranti moja. Fungua kijitabu chake, nenda kurasa za nyuma, utakuta jiko limegawanywa vipande na kila kipande kimepewa muda wake. Mwili wa jiko, yaani chumba cha moto na maungio yake ya kuchomelea, ndio hupewa miaka mingi, na huko ndiko inakotoka ile waranti ya maisha. Kioo cha mlango kina muda wake. Feni na nyaya zake, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Rangi, kamba ya mlangoni na matofali ya ndani hupewa muda mfupi sana au huachwa nje kabisa, kwa maelezo kwamba hivyo ni vitu vya kuchakaa. Halafu kuna mstari unaohusu gharama za ufundi, nao una muda wake mbali na hivyo vyote. Kibandiko cha dukani kinakutajia muda mmoja tu kati ya hiyo yote, tena ule mrefu zaidi.

Sasa tulia utazame ni vipande gani vimependelewa. Mwili wa chuma uliochomelewa vizuri, ukitumiwa inavyotakiwa, ni nadra kupasuka. Kioo nacho si kile cha dirisha. Ni cha kauri, hustahimili zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi, na moto wa kawaida wa kuni ni vigumu kukivunja. Waranti inasema: kioo kikipasuka kwa joto, tutakubadilishia. Lakini majumbani mwetu kioo hupasukaje? Mtoto amefunga mlango kwa nguvu. Gogo limezidi urefu kwa vidole viwili, mtu akausukuma mlango ufunge hivyo hivyo, ncha ya gogo ikagonga kioo. Fundi amekaza skurubu kupita kiasi, kioo kikakosa nafasi ya kutanuka. Hivyo vyote si joto, na waranti haivigusi. Mtengenezaji hakusema uongo hata kidogo. Ameahidi kwa ukarimu mahali ambapo anajua hataitwa mara nyingi.

Vinavyoharibika ni vitu vya ndani, na katika majiko ya leo vitu hivyo vimeongezeka. Zamani jiko lilikuwa sanduku la chuma lenye mlango, basi. Mwaka 1988 Marekani iliweka kanuni za kwanza za taifa kuhusu moshi wa majiko ya kuni, na katika awamu iliyofuata mwaka 1990 jiko lisilo na katalisti halikuruhusiwa kutoa zaidi ya gramu 7.5 za chembe za moshi kwa saa. Kanuni zikakazwa tena 2015, na tangu Mei 2020 jiko jipya linatakiwa lisizidi gramu 2 kwa saa, au 2.5 likipimwa kwa magogo ya kawaida ya kupasuliwa. Ili kufika hapo watengenezaji wameweka mirija inayopuliza hewa ya moto juu ya miali ili moshi wenyewe uungue. Wameweka bamba juu ya moto, linalouzuia moshi usikimbilie dohani kabla haujaungua. Wengine wameweka katalisti, kipande kilichotobolewa mithili ya sega la nyuki na kupakwa madini ya platinamu na paladi, ambacho huuwezesha moshi kuungua kwenye nyuzi 260 hivi, wakati bila hicho ungehitaji zaidi ya nyuzi 500.

Mimi naishukuru kanuni hiyo, kwa sababu moshi uliopunguzwa ni moshi ambao watoto wetu na majirani zetu hawauvuti. Ila gharama ya matengenezo imehamia kwenye mirija, bamba na katalisti. Kwa hiyo unapolinganisha majiko mawili, acha kabisa kulinganisha miaka ya mwili. Weka kidole kwenye mstari wa bamba la juu, kisha mstari wa katalisti, kisha mstari wa ufundi. Hiyo mitatu ndiyo itakayokutofautishia jiko na jiko.

Kwenye katalisti kuna jambo la kuangalia kwa makini. Utaona miaka kumi imeandikwa, ukafurahi. Soma sentensi inayofuata. Mara nyingi malipo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Tuseme katalisti inauzwa dola 300, na waranti inalipa bei yote miaka miwili ya mwanzo, halafu inashuka mpaka mwaka wa saba inalipa asilimia 30. Ikifa mwaka huo, utapata dola 90 na utatoa mfukoni 210. Jiko jingine lenye waranti ya katalisti ya miaka sita isiyopungua linaweza kukufaa zaidi, ingawa sita ni ndogo kuliko kumi. Na katalisti huuawa na vitu ambavyo wengi wetu hutupia motoni bila kufikiri: plastiki, mbao zenye rangi, karatasi za matangazo zinazong'aa. Ikikutwa imeziba kwa vitu hivyo, hakuna atakayekulipa.

Ufundi ndio unaowaumiza watu zaidi. Waranti inakupa bamba jipya bure. Vizuri. Lakini nani atalipa usafirishaji wa bamba kutoka kiwandani? Nani atamlipa fundi aje, avute jiko, afungue dohani, afunge tena? Katika waranti nyingi, gharama za ufundi hulipwa mwaka mmoja au michache ya mwanzo tu, tena kwa kiwango alichojipangia mtengenezaji mwenyewe. Baada ya hapo kipande ni bure na kazi ni yako, na siku moja ya fundi yaweza kuzidi bei ya kipande chenyewe. Kama mngeniuliza mimi, kati ya jiko lenye waranti ya maisha isiyolipa ufundi, linalouzwa na duka lililo saa tatu kwa gari, na jiko lenye waranti ya miaka mitano inayolipa vipande na ufundi, na wakala wake yuko mjini kwenu, ningechukua la pili bila kusita.

Tena ahadi ya miaka mingi inamhitaji mtu wa kuitimiza. Kampuni za majiko huuzwa, huunganishwa, nyingine hufungwa. Vermont Castings, iliyoanzishwa 1975 hapa kaskazini mashariki, imepita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Jøtul ya Norway na Morsø ya Denmark zote hujihesabu tangu 1853, na tawi la Jøtul la Amerika Kaskazini liko Gorham, karibu na Portland hapa hapa. Sisemi umri wa kampuni unafanya jiko kuwa bora. Nasema uliza: vipuri vya jiko hili vinatoka wapi, vinachukua muda gani kufika, na duka hili limeuza chapa hii kwa miaka mingapi?

Sasa tuje kwenye ile waranti ya maisha. Ni maisha ya nani? Katika waranti nyingi za majiko, ni ya mnunuzi wa kwanza, na jiko liwe bado limefungwa katika nyumba ile ile lilipofungwa mara ya kwanza. Ukiuza nyumba, waranti imekwisha. Ukihamisha jiko kulipeleka nyumba nyingine, huenda imekwisha pia. Hili linawagusa jamaa zetu wengi moja kwa moja, maana wengi hununua nyumba ya zamani iliyokwisha kuwa na jiko sebuleni, na dalali anawaambia kwa furaha kwamba jiko hilo lina waranti ya maisha. Lilikuwa nayo, kwa mwenyewe wa kwanza. Muulize dalali karatasi inayosema waranti inahamishika. Kama hakuna, hesabu nyumba hiyo kana kwamba jiko halina waranti yoyote, na mlete mkaguzi wa dohani kabla hujaweka saini.

Kuna sheria ya shirikisho inayosaidia hapa, ile ya mwaka 1975 iitwayo kwa majina ya Magnuson na Moss. Inamtaka anayetoa waranti ya maandishi kwa bidhaa ya nyumbani inayozidi dola 10 aitaje juu kabisa kama ni waranti kamili au waranti yenye mipaka. Ikiwa kamili, inamfuata kila anayemiliki bidhaa ndani ya muda wake, matengenezo ni bure, na bidhaa ikishindikana kutengenezeka baada ya majaribio ya kutosha, mwenye mali anachagua apewe nyingine au arudishiwe fedha. Ikiwa ya mipaka, mipaka hiyo imo ndani ya kijitabu, na kwenye majiko ya kuni ni hii ya mipaka utakayokutana nayo. Kanuni zinazotokana na sheria hiyo zinakupa pia haki ya kuisoma waranti kabla hujanunua. Mwambie muuzaji: naomba niione. Asikuambie imo ndani ya boksi.

Na mtengenezaji hawezi kukulazimisha ununue kamba au matofali ya chapa yake tu ili waranti iendelee, isipokuwa anakupa bure au amepata kibali maalumu cha serikali. Ila kipuri cha mtaani kikileta uharibifu, uharibifu huo yeye haulipi.

Nyinyi mnaotusikiliza kwa intaneti kutoka Limuru, Lushoto na Njombe, ambako jioni za Julai hazina mzaha, kabla hamjaagiza jiko la nje, tazameni ukurasa wa mwisho wa waranti kuhusu nchi. Nyingi hufanya kazi pale tu jiko liliponunuliwa kwa wakala anayetambuliwa na kufungwa katika nchi lilikonunuliwa. Likivuka bahari ndani ya kontena, mara nyingi limeiacha waranti bandarini. Mkilinganisha bei, linganisheni bila kuihesabu.

Nilisema waranti isomwe kuanzia mwisho, maana huko ndiko yaliko mambo yanayoikata. Kubwa kuliko yote ni kuchochea moto kupita kiasi. Mtu anarudi kazini nyumba imeganda, anajaza kuni mpaka juu, anaacha mlango wa majivu wazi ili hewa iingie kwa wingi, jiko linanguruma, chuma kinaanza kuwa chekundu. Siku hiyo hakuna kinachoonekana kimeharibika. Lakini chuma hukumbuka. Fundi akija miaka miwili baadaye atamulika tochi ndani na kuona bamba limepinda, sehemu za chuma zimegeuka rangi ya kijivu cheupe, ukingo umeshuka. Atapiga picha na kuzituma kiwandani, na jibu litarudi kwamba jiko lilichochewa kupita kiasi. Kipimajoto cha sumaku kinachobandikwa juu ya jiko ni cha bei ndogo sana, na mimi ningekinunua siku ile ile ya jiko.

La pili ni kuni. Kijitabu kitataka kuni zenye unyevu usiozidi asilimia 20. Kuni zilizokatwa jana hubeba maji mengi, moto hutumia nguvu yake kuyachemsha, moshi hupoa ndani ya dohani na kuganda kuwa masizi ya lami yanayoshika moto. Moto wa dohani hupita nyuzi 1,000, na baada yake waranti ya jiko ni tatizo dogo kuliko yote uliyo nayo. Pasua gogo, pima unyevu kwenye uso mpya wa ndani, wala si kwenye gome.

Halafu magogo ya ufukweni. Pwani ya Maine imejaa mbao zilizoletwa na mawimbi, nzuri, zimekauka, za bure. Msiziguse. Chumvi iliyomo ikiungua hutoa gesi zinazokula chuma, na watengenezaji wengi wamezitaja waziwazi miongoni mwa vitu vinavyofuta waranti. Watu wa Mombasa na Tanga wanajua chumvi inavyolifanya bati la nyumba. Mbao za veranda zilizobomolewa ni mbaya zaidi. Mpaka mwisho wa 2003 mbao nyingi za nje hapa Marekani zilitiwa dawa yenye aseniki, na ukizichoma sumu hiyo hubaki kwenye majivu na hupanda na moshi. Hapo si suala la waranti tena.

Mwisho kuna ufungaji: jiko lifungwe kama kijitabu kinavyoagiza, umbali kutoka ukutani, urefu wa dohani, aina ya bomba. Kibati kilichobandikwa nyuma ya jiko kina namba yake na vipimo hivyo. Kipige picha kabla jiko halijasogezwa ukutani, kwa sababu siku ya kudai utaulizwa namba hiyo na jiko litakuwa limekaa mahali ambapo mkono haufiki. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo walivyosema wazee, na daftari la jiko ni dogo tu: risiti ya duka, risiti ya fundi aliyelifunga, picha ya kibati, na risiti ya kila mwaka ya anayesafisha dohani. Viwango vya usalama vya moto hapa Marekani vinataka dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na karatasi ya ukaguzi huo ni ushahidi wako kwamba ulilitunza jiko.

Kwa kamba ya mlangoni, ambayo waranti karibu haiitambui, fanyeni wenyewe jaribio hili jiko likiwa baridi. Chukua noti ya dola moja, ibane kati ya mlango na jiko, funga mlango, kisha ivute. Ikikaza, kamba iko sawa. Ikiteleza na kutoka bila ubishi, hewa inaingia hapo usiku kucha na moto hauwezi kuzuilika tena. Rudia pande zote nne. Kamba mpya ni dola chache na gundi yake, na kuibadilisha mapema ndiko kunakouokoa mwili wa jiko na ule uchochezi nilioutaja.

Na kama jiko lenyewe lilikuja na kasoro, na muda wa waranti ya maandishi umekwisha? Hapa Maine bado hujaishiwa. Sheria ya jimbo inaichukulia kila bidhaa mpya ya matumizi ya nyumbani kuwa na dhamana ya kufaa kwa kazi yake, hata kama haikuandikwa popote, na muuzaji haruhusiwi kuifuta kwa maandishi madogo. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Maine huwaelekeza wanunuzi kutazama mambo manne: kasoro iwe kubwa, iwe haikusababishwa na wewe, bidhaa iwe bado ndani ya umri wake wa kawaida wa matumizi, na isiwe imepita miaka minne tangu kununuliwa. Jiko la kuni hutarajiwa kudumu zaidi ya miaka minne. Maungio yakiachana mwaka wa tatu, na ulilitumia ipasavyo, una hoja, hata kama kijitabu kinasema mwaka mmoja.

Andika barua, usiishie kupiga simu. Taja tarehe ya kununua, namba ya jiko, kilichoharibika, na unachotaka: kipande, ufundi, au jiko jingine. Ambatisha nakala za risiti na picha, risiti halisi zibaki kwako. Barua moja iende dukani, nyingine kwa mtengenezaji. Wakikaa kimya au wakikukatalia bila sababu, ofisi hiyo ya Mwanasheria Mkuu, iliyoko Augusta, ina huduma ya usuluhishi kwa wanunuzi, na haitozi ada.